Salamu kwanza, somo nyuma

Mama mupendwa,

Wavukire! Hapa Mulekera mvua inanyesha tangu asubui. Leo mu mafunzo yetu ya balimu balituonyesha ukurasa wa internet wenye sisi bote tunaweza kuandika pamoja, kila mutu na simu yake, tutayarishe somo moja la kugawanya vitu mu vipande. Mais kila mutu alianza kusalimia: wavukire, mulilala muzuri, batoto baliamuka? Ukurasa ukajaa salamu tu. Mufundishaji, mugeni wa Kinshasa, akakasirika: "Futeni hizo!" Mwalimu mumoja mwanamuke wa Mutwanga akamujibu: "Hapana, papa. Mutu hawezi kuingia mu nyumba ya bengine kimya."

Nikakukumbuka mu classe yako ya Bulengera. Ulikuwa unatusalimia jina kwa jina, kisha unakata tunda la avoka, tunahesabu vipande, halafu tunakula hesabu yenyewe. Donc nikaandika chini ya zile salamu: "Mukate avoka mbele ya batoto." Bote bakakubali.

Ujifunike kikwembe muzuri, baridi ya Butembo haina huruma. Magoti yako yalikataa safari, mais kesho ule mwalimu atabeba somo lako, utafundisha mpaka Mutwanga.

Masika wako