Siku Niliyomgusa Baba Mkwe

Makongolosi, Chunya
Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Mgongo unaendeleaje? Kahawa mmemaliza kuchuma? Sisi huku tu wazima, mimi na mume wangu, lakini barua hii isisomwe barazani. Mwambie kaka akusomee ndani, na wewe ukae chini kwanza.

Mama, nimemgusa baba mkwe. Nimemwona uso, nimemvua shati kwa mikono yangu hii.

Alikuja wiki jana kumwona mwanawe hapa mgodini. Kwa heshima yetu ya mkwe na mkamwana kutoonana uso, hakulala kwetu, alifikia kwa jirani yetu Asegelile. Chakula nilimpa mke wa Asegelile ampelekee, na nikisikia mzee anakohoa njiani naingia kichakani, kama ulivyonifunza. Miaka sita ya ndoa, uso wake sijawahi kuuona.

Basi Ijumaa lori la mafuta likapinduka kule bondeni. Watu mbio na madebe, "Mafuta ya taa ya bure!" Kumbe petroli! Asegelile akajaza koroboi, mengine yakamwagika sakafuni na kwenye nguo. Jioni jua bado lipo, wazee wamekaa ndani wanaongea na baba mkwe, Asegelile akawasha kibiriti aijaribu taa. Loo, mama! Nyumba ililipuka yote.

Zahanati tulikuwa wawili tu, mimi na dresa wetu wa kufunga vidonda, Mzee Ramadhani. Wakaletwa watu wanane. Wengine wamekwisha pakwa samli na mavi ya ng'ombe, ngozi inaning'inia. Nguo bado zinanuka petroli, na mjinga mmoja kaja na kiko kinachowaka kumpa nduguye pole! Nilimfukuza kwa matusi, Mungu anisamehe.

Kila mtu analia, sijui nishike nani. Mzee Ramadhani akanishika bega: "Nesi, anayelia ana pumzi. Anza na aliyenyamaza."

Aliyenyamaza alikuwa mwisho wa baraza, kajifunika gunia kichwani. Nikalifunua. Nywele zimeungua, midomo imevimba, masizi puani. Akageukia ukuta, akasema kwa sauti ya kukwaruza: "Ondoka, mkamwana. Nenda kwa wengine."

Alikuwa amejikaza makusudi, mama. Alijua akilia nitakuja.

Nami nilikimbia. Miguu ilijiendea yenyewe! Nikajikuta nyuma ya mlango wa stoo, kanga usoni, mkasi mkononi. Sijui nilikaa muda gani pale. Nilimsikia anavuta pumzi kwa shida, na bado sikutoka. Mzee Ramadhani alikuwa na mke wa Asegelile, ambaye alikuwa anakata roho. Akapaza sauti: "Nesi! Mtaoneana haya mpaka kaburini?"

Ndipo nikatoka. Nikasema, "Baba, nisamehe." Nikamwinua akae apate pumzi, nikakata zile nguo zenye petroli, nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikamfunga vitambaa vya vaselini. Nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Muda wote kafumba macho, machozi yanamtoka pembeni.

Mke wa Asegelile hakuliona jua likizama. Wiki jana tu tulikuwa tunatwanga pamoja, tunacheka. Siwezi kuandika zaidi juu yake.

Mume wangu siku ile alikuwa Chunya mjini; aliporudi aliambiwa yote. Kila asubuhi nambadilishia baba bendeji, naye hufumba macho. Leo akayafumbua. Akaniangalia toka utosini mpaka miguuni, akasema, "Kumbe mfupi hivi!" Nikacheka, halafu nikalia mpaka Mzee Ramadhani akaninyang'anya mkasi. Daktari amepita, anasema mzee atapona, ila mkono wa kulia hautanyooka tena.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na mjomba fundi seremala, na kaka anayekusomea, asiache kunywesha ndama.

Sasa nakuomba, mama, nenda wewe mwenyewe kwa mama mkwe kabla maneno ya watu hayajafika. Mwambie mumewe yu hai, na kwamba nilimgusa. Lakini zile dakika za nyuma ya mlango usimwambie. Hizo nitamwambia mimi.

Ndaga fijo, asante sana, mama.

Mwanao,
Tumpe