Debe Lilikuwa Langu

Jumatano, 7 Mei 2025
Binti yangu Rita kanisomea gazeti la Kiswidi. Fergus yuko hapa Stockholm! Yule Mskoti niliyemfundisha kazi kule Nyeri, kijana wa miaka ishirini, pua imebabuka kwa jua. Leo ni mchoraji mkubwa wa viwanja vya gofu, amekuja kuchora kimoja Upplands Väsby, nje kidogo ya jiji. Wakamuuliza walimu wake wa kwanza ni akina nani. Kataja wawili — mjomba wake, mkata nyasi wa huko kwao, na Wanjohi wa Nyeri, aliyemfundisha kumwaga debe la maji ardhini na kuyafuata kabla ya kuchora chochote.

Wanjohi!

Debe lilikuwa langu. Maji nilichota mimi. Wanjohi alikuwa mkalimani tu, kwa sababu alifika kidato cha pili na mimi nikaachia darasa la tano. Maneno yangu, mdomo wake.

Nimemwambia Rita gazeti hilo tulifungie maganda ya viazi.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekutana na Wanjohi, ambaye naye anaishi huku siku hizi, sokoni Skärholmen. Kavaa tai! Tai ya kununulia nyanya. Eti, "Umesikia, Zakayo? Siku hizi naitwa mwalimu." Nikamwambia hata redio huongea sana. Akacheka mpaka akakohoa. Angekohoa zaidi kidogo. Mungu nisamehe — kidogo tu.

Ijumaa, 9 Mei
Wanjohi kapiga simu. Sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni. Fergus anamtaka kesho saa tatu asubuhi wakatembee kwenye ardhi mpya, amwonyeshe maji yatatuama wapi. "Ndugu yangu, mimi sijui kitu. Nilikuwa natafsiri tu. Twende wote, nitasema wewe ni binamu yangu."

Binamu!

Nikienda, sifa ni zake mara ya pili. Nisipoenda, ataaibika — raha! — lakini Fergus hatanijua mpaka nife.

Nimemwambia nitafikiri. Nimefikiri. Wivu uko palepale.

Jumamosi, 10 Mei
Saa mbili kasorobo. Wanjohi kashafika stesheni, kapiga mara nne. Rita kamjibu kwamba naumwa mgongo. Anajua kudanganya, kanirithi.

Sasa ananiuliza ni mgonjwa gani huyu anayepiga viatu rangi.

Nimempa karatasi. Aniandikie kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, nikamwonyeshe Fergus: mimi ndiye niliyekuwa nasema. "Hiyo tu, Baba?" Hiyo tu. Anaandika. Pole pole mno, huyu mtoto! Na simu inalia tena —