Jiwe la Baba Limekwama Mpakani

Yadi ya Malori,
Kati ya Mageti Mawili,
Mpakani.

Ijumaa, 18 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Esnati,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Yotamu. Hujambo, Dada? Watoto wazima? Ule mguu uliokuvimba mwaka jana umetulia? Na kazi ya kusuka inakwenda, au umeme wa Harare nao unakatika kama wetu? Mimi ni mzima wa mwili, ila joto la huku linanipika. Sabuni za bosi zilizomo ndani ya lori zimeanza kutoa jasho, na mimi ninayelala chini ya lori hilo sina tofauti nazo.

Barua hii anakuletea Bwana Zulu, dereva mwenzangu, anayeshuka Harare leo mchana. Nimemwelekeza mpaka kanisani kwenu, maana namba yako haipatikani tangu Pasaka. Sijui simu iliibiwa au ulinichoka. Siku tulipoongea mwisho uliniambia mimi ni mtu wa kuanza mambo nisiyamalize. Nilikukatia simu kwa hasira. Basi nimekaa siku kumi humu yadini nikiyatafuna maneno yako, na naona hukukosea sana.

Dada, jiwe la kaburi la Baba ninalo mimi. Liko nyuma ya lori, ndani ya kasha la mbao, jiwe jeusi zuri kama tulivyolitaka. Kesho Jumamosi ndiyo siku ya kulifunua kule Chipata. Watu wamefika, ng'ombe amefungwa, kitambaa cheupe cha kulifunika kimefuliwa na kupigwa pasi. Jiwe halipo. Limekwama hapa na mimi nimekwama nalo. Mhuri wa kutoka sijapigiwa, wa kuingia sijapigiwa, kwa hiyo hapa nilipo si kwao wala si kwetu.

Unajua jinsi Mama anavyolingoja. Miaka tisa mumewe amelala chini ya tuta la udongo ambalo kila masika linazama kidogo. Mwezi wa nane aliniambia, "Yotamu, mimi miaka sabini na minane hii si ya kuchezea. Sitaki kufa nimuache baba yenu bila jina." Nikamwapia kwamba safari hii halikosi.

Sasa nikueleze nilivyokwama. Mama hajui yote, na nakuomba umwambie wewe, mimi nashindwa.

Hapa mpakani yuko ofisa mmoja wa forodha wa upande wetu, anaitwa Chilufya. Ni Mbemba. Sisi Wangoni na Wabemba ni watani, na mimi na yeye tumetaniana kwenye dirisha namba tatu kwa miaka kumi na mmoja. Nikifika tu, kabla hajagusa karatasi zangu, "Ah, mla panya, bado hujafa?" Nami, "Nitakufaje, mla tumbili, nani atakuzika wewe?" Ndivyo tulivyo. Siku ukikuta hatujatukanana, jua mmoja wetu anaumwa.

Unakumbuka pia kwamba siku hizi forodha za nchi zote mbili zinakaa jengo moja. Zamani ulisimama kwao siku mbili, ukavuka daraja, ukasimama kwetu siku mbili nyingine. Sasa unasimama mara moja, wanakukagua pamoja, na anachoandika huyu kwenye kompyuta yule anakiona papo hapo. Lori linapita kwa saa mbili tatu. Ni jambo jema sana, nimelisifu kwa kila mtu, sitasema uongo.

Jumanne ya wiki iliyopita nikafika dirishani, jua la saa saba, macho yamejaa jasho. Kibao cha Chilufya kipo mezani. Kiti ni cha Chilufya. Aliyekikalia ni kijana nisiyemjua, nikadhani ni mdogo wake kazini, Mbemba mwenzake. Akaniuliza kwa adabu, "Baba, lile kasha refu nyuma lina nini?"

Na mimi, Dada, mdomo wangu huu! Nikamjibu, "Mle mna Mbemba. Alivimbiwa tumbili, nampeleka nikamzike."

Hakucheka. Akaniuliza, "Ni mmoja tu?"

Nikasema, "Mmoja anatosha, wawili wananuka." Nikaenda zangu kununua maji, nacheka peke yangu.

Kumbe kijana si wa kwetu. Anaitwa Munashe, ni ofisa wa upande wa pili. Wamepangiwa kushikiana madirisha mwenzao akienda kula, ndio ushirikiano wenyewe huo. Mtu wa kule atajuaje utani wa Mngoni na Mbemba? Kaagizwa aandike anachoambiwa na dereva, kaandika: mwili wa binadamu, mmoja.

Niliporudi na maji yangu nikakuta lori limezungushiwa utepe. Bwana afya wa kwao yupo, bwana afya wa kwetu yupo, wananitaka cheti cha kifo. Nikasema ulikuwa utani. Wakaniuliza, utani na nani? Nikamwonyesha Munashe, naye maskini akasema, "Mimi na huyu baba hatujuani."

Chilufya aliporudi kutoka kula alishika kichwa. Alicheka, kisha akaona haichekeshi. Akajaribu kulifuta lile neno kwenye kompyuta, likakataa. Limeshaonekana pande zote mbili, na la pande mbili haliwezi kufutwa na upande mmoja. Lazima kasha lifunguliwe na maofisa wa nchi zote mbili pamoja na mabwana afya wote wawili, siku moja, saa ile ile. Wa kwetu akiwepo, wa kwao yuko likizo. Wa kwao akirudi, gari la wa kwetu limeharibika. Siku tisa zikaenda hivyo, Dada. Malori yananipita mbele, nimeanza kuyajua kwa rangi: linaingia asubuhi, mchana limeondoka, dereva ananipungia mkono.

Sikuchoka kwa njaa, mama mmoja anayeuza ugali wa nshima na dagaa wa kapenta hapa getini ananihurumia. Nilichoka kwa aibu. Nililala chini ya lori nikijua Baba yuko juu yangu kwenye kasha, na mimi ndiye niliyemtania kama mzoga. Mara mbili nililia. Sikwambii ili unihurumie, nakwambia kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jana Alhamisi wakatimia wote. Wakang'oa mbao. Munashe mwenyewe ndiye aliyeondoa majani makavu yaliyolizuia lisikwaruzike, akaanza kusoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yake: "Zebroni Jere. Alizaliwa 1938. Alilala 2010. Mume wa Lontia. Baba wa Esnati na Yotamu." Aliposoma jina langu alisita, akanitazama. Kisha akachuchumaa mbele ya jiwe, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, vile wanavyowaheshimu wakubwa kwao, akasema, "Baba, unisamehe. Nilikuandika vibaya."

Maofisa wote wakavua kofia. Hata ofisa mmoja wa kwao mwenye domo refu. Nikakaa kwenye tairi.

Nikadhani yamekwisha. Thubutu! Yule mwenye domo akafungua faili lake. "Vizuri. Kasha lina jiwe. Jiwe tumeliona. Sasa mwili uko wapi?"

Chilufya akamwambia, "Hakuna mwili, ndugu yangu. Ulikuwa utani."

"Utani hauna fomu. Kompyuta yangu inasema mwili mmoja umeingia yadini, na yenu inasema hivyo hivyo. Haujatoka. Nikisaini kwamba hakuna, kesho wataniuliza nimeupeleka wapi."

Chilufya akavimba. "Basi andika mwili ni wangu! Mbemba anayesemwa ndiye mimi. Niko hai, napumua, nina njaa. Lete kalamu nisaini."

Na kweli akaandika maelezo kurasa mbili, Dada, kwamba marehemu aliyetajwa ni yeye, mtani wa dereva, na yu mzima. Kaweka jina na cheo chake chini. Mtu yule angeweza kujivua lawama, na hakujivua. Yule mwenye domo alisoma mara tatu, akasema inafaa, lakini itabidi wasaini wakuu wa vituo vyote viwili. Wa kwetu akasaini papo hapo. Wa kwao kaenda semina. Semina ya nini? Ya ushirikiano wa forodha! Anarudi Jumatatu.

Basi jana jioni Chilufya akanipa simu yake nimpigie Mama. Nikamwambia jiwe limezuiwa, sahihi moja imebaki, Jumamosi imetupita. Mama akauliza, "Baba yako yuko sehemu gani hasa?" Nikamweleza: kati ya geti na geti. Akauliza, "Na Esnati, akitoka Harare, anaweza kufika mpaka wapi?"

Nilikuwa sijafikiria, Dada. Naapa sikuwa nimefikiria.

Miaka kumi hujamwona Mama. Ulikosa msiba wa Baba na ungekosa na hii kesho, na sisi tunajua si kwa kupenda. Pasi yako ya kusafiria iliisha, ukaogopa kwamba ukisimama mbele ya meza ya mpakani watakushika au watakufungia njia usiwarudie watoto. Huwezi kuja kwetu, na Mama hajawahi kuwa na pasi ya kuja kwako. Lakini sikiliza. Tangu wafanye kituo kimoja, upande wenu wa mto hakuna tena anayeuliza pasi. Meza zote mbili ziko huku, kwenye jengo moja, na yadi yangu iko kabla ya meza hizo. Unavuka daraja kwa miguu, unapinda kushoto penye uzio wa waya, lori langu ni la bluu. Mezani hufiki. Kwa upande wetu nako Mama anapita geti kama mgeni wa dereva, anaacha kitambulisho chake pale mlangoni. Nimemuuliza Chilufya, nimemuuliza na Munashe, sikutaka kukuingiza mtegoni. Munashe amesema atasimama darajani mwenyewe ukija na ukirudi, na jina lako analijua, amelisoma kwenye jiwe.

Kesho asubuhi wataomba kaburini Chipata, halafu Mama, mjomba Jairosi na shangazi Dailesi wanapanda basi la Lusaka. Jumapili saa nne watakuwa hapa, na kitambaa cheupe wanacho. Tutalifunua hapa hapa juu ya lori, kisha Jumatatu nitalipeleka likasimame lilipotakiwa kusimama.

Kuna moja zaidi, usinicheke. Leo asubuhi Chilufya alikuja mbio, meno nje. Yule mkuu wa kwao amemaliza semina mapema, atapita hapa kesho jioni, yuko tayari kusaini. "Mla panya," akaniambia, "kesho usiku unalala kwako!" Siku kumi nimeiomba sahihi hiyo mpaka magoti yakachubuka. Nikamwambia, "Mtani, nifichie lile faili mpaka Jumatatu." Akanishika paji la uso akidhani ni jua. Nilipomweleza, akaenda zake bila kunitukana, na hiyo haijawahi kutokea.

Nikisainiwa kesho, Dada, nitaambiwa niondoe lori yadini, na nikishavuka geti lile wewe hufiki tena. Kwa hiyo nimebaki. Panda basi la Jumamosi usiku. Usisubiri kushona nguo, usisubiri kusuka nywele. Njoo na watoto, Mama hajawahi kuwashika.

Nisalimie jirani yako Kettie na mumewe, na mzee wa kanisa atakayekusomea hii kama macho bado yanakusumbua. Huku Chilufya anakusalimu, na Mama amesema salamu zake atakupa kwa mkono wake mwenyewe. Mungu aliyemlinda Baba njiani miaka yote akulinde na wewe njia hii moja.

Mimi mdogo wako nikupendaye, niliyekwama na nisiyetaka kukwamuliwa mpaka ufike,

Yotamu Jere