Rajabu, Nimemwambia Mkeo

Rajabu ndugu yangu,

Nimemwambia. Naanza na hilo ili nisije nikazunguka karatasi nzima nikaishia kukupa habari za mvua. Mkeo, Mama Hadija, anajua ulichokuwa unaumwa. Mdogo wako Shabani naye anajua. Nilikuapia kwamba sitasema, na nimesema. Ukinikasirikia huko uliko una haki, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Kibanda chetu cha pancha bado kipo hapa Mikumi. Pembeni yake wamejenga gesti nyingine, na malori yamezidi kuliko wakati wako. Siku hizi kila mwenye uwezo ananunua lori, barabara haipumui. Mara nyingine najikuta nageuka kukuuliza mtarimbo umeuweka wapi. Madereva wa Tunduma wanamuulizia yule mzee mcheshi. Nikiwaambia umefariki wanataka kujua uliumwa nini, na mimi kwa muda mrefu niliwajibu kama ulivyoniagiza: mgongo.

Mgongo, Rajabu.

Wewe na mimi tunajua jambo lenyewe lilivyoanza. Siku ile ulikwenda nyuma ya kibanda kujisaidia, nikafungua tairi, nikatoa mpira, nikauziba, nikalirudisha tairi mahali pake, na wewe hujarudi. Nikakufuata nikidhani umeanguka. Nilikukuta umeegemea mabati, jasho linakutiririka usoni, na chini yanadondoka matone tu. Ulinitazama kama mtu aliyefumaniwa. Halafu ukacheka, ukasema, "Petro, maji ya Mikumi mazito sana." Nikacheka na mimi. Sijui kwa nini nilicheka.

Kesho yake ulikwenda kwenye duka la dawa baridi. Yule kijana muuzaji akakuuliza mbele ya akina mama waliopanga foleni, mara ya mwisho umelala na nani, akakufungia vidonge vya kisonono. Ulirudi mdomo umeuvimbisha, vidonge ukavitupa kwenye moto wa mama ntilie. Ukaniambia, "Sirudi tena kwa hao. Na wewe niapie. Haya mambo yasifike nyumbani Kidete." Nikaapa.

Ningekataaje? Baba yangu alipohamia Kidete na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ninyi wenyeji mlikuwa hamna hamu hata ya kutusalimia. Wewe ndiye ulinipatia nafasi kwenye genge la reli, tukabeba mataruma pamoja mpaka mabega yakaota sugu. Reli ilipopunguza watu tukashuka wote Mikumi na jeki moja. Mtu kama huyo akikwambia apa, unaapa.

Ukaanza kukojoa damu, nikanyamaza. Ukakonda, nikanyamaza. Kiuno kilipoanza kukuuma ukawatangazia watu kwamba tairi la lori limekuangukia, na mimi nikaitikia kwamba nililiona likianguka. Tulipofika hospitali ya Morogoro ulikuwa huwezi kusimama. Daktari alikuambia ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Akasema ungekuja mapema, wakati bado iko ndani ya tezi, angekuwa na mengi ya kukufanyia. Alisema kwa upole, lakini mimi niliinamisha kichwa kama mshitakiwa, kwa sababu hiyo mapema aliyoisema niliijua. Nilikuwepo. Nilikuwa naziba pancha.

Hata pale kitandani ulinishika mkono ukarudia, "Sema mgongo, Petro."

Sasa sikiliza lililotokea kwenye arobaini yako.

Nilikwenda Kidete mapema. Watu walikuwa wengi, wamekaa mikekani wanasoma hitima. Shabani alikaa mbele yangu. Kabla kisomo hakijaisha alikuwa ameshainuka mara tatu. Mara ya tatu nikanyanyuka nikamfuata. Alikuwa amesimama nyuma ya choo, mkono mmoja umeshika mti wa uzio, kichwa amekiinamisha, anangoja. Rajabu, alisimama kama wewe. Bega lilelile limepinda.

Nilingoja amalize, nikamwambia yote palepale. Nilimwambia kwamba kaka yake hakuuawa na tairi. Nilimwambia ugonjwa huu hupita kwenye damu ya familia, mtoto wa baba mmoja ana hatari zaidi, na lazima akapimwe. Hakunisikiliza hata nusu. Alinikamata ukosi wa shati akanibana kwenye uzio.

"Unamvua nguo marehemu siku ya dua yake?"

"Nakutaka wewe uishi."

"Wewe ulikuwa naye miaka yote. Kama ulijua, mbona hukumpeleka?"

Watu wakasikia, wakaja kututenganisha, wakaanza kunong'ona kwamba huyu mtu wa ng'ombe ana lake jambo, na mimi kweli nikawa natafuta njia ya kuondoka. Ndipo mkeo akaniita jikoni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya masufuria. Akawatoa wanawake wenzake. "Shemeji," akasema, "mnagombana juu ya mume wangu na mimi sijui kwa nini. Niambie."

Nikamwambia. Maji ya Mikumi, vidonge, damu, tairi ambalo halikuanguka, maneno ya daktari, na nilivyomwona Shabani nyuma ya choo. Sikumficha hata kidogo. Nilidhani atalia, au atanitukana. Akawa anaugeuza mwiko mkononi.

"Mwaka wa mwisho," akasema, "akija nyumbani alikuwa analala mkekani. Nikimsogelea anageukia ukutani. Nikajua ana mwanamke Mikumi, amekwishanichoka. Nimemuuguza na hasira hiyo, nimemzika nayo. Siku arobaini hizi watu wananipa pole na mimi moyoni namuuliza, ni nani huyo?"

Rajabu, hilo hukulijua. Hata mimi sikulijua. Ulidhani unamkinga na aibu, kumbe ulimwachia kidonda. Alijifuta uso kwa upande wa kanga, akainuka, akatoka nje moja kwa moja hadi pale walipokaa wanaume. Nilimfuata kwa hofu. Akasimama mbele ya Shabani.

"Shemeji, kaka yako alinificha maradhi yake mpaka yamemuua. Kama na wewe unataka kufa kwa sababu ya kuona haya, leo hii mwambie mkeo, ajue anangoja nini. Usimfanyie nilivyofanyiwa."

Akarudi jikoni. Wanaume wote walitazama mikeka. Mimi sikungoja chakula.

Zikapita wiki kama tatu. Kila basi la Kilosa likisimama nilikuwa naangalia wanaoshuka. Nilikuwa nimeshakata tamaa nilipomwona Shabani kasimama mbele ya kibanda na mfuko wa nguo. Hakunisalimu vizuri. "Kaka Petro," akasema, "nitakwenda kama na wewe unapimwa."

Nikamwambia mimi sina tatizo, nakojoa kama ndama. Akasema, "Basi narudi Kidete." Akauchukua mfuko wake. Nikamshika, tukapanda wote basi la Morogoro.

Daktari wa safari hii umri wake ni wa mwanangu wa pili. Alisimama akasema, "Shikamooni wazee," na mimi nikaitika marahaba huku nikifikiria kwamba mtoto huyu ndiye atakayenivulisha suruali. Lakini alizungumza nasi kwa adabu. Alisema si kila anayepata shida ya mkojo ana saratani, wengi tezi inakua tu kwa sababu ya umri na inatibika. Alisema pia kwamba saratani inaweza kukaa mwilini bila kukuuma mahali popote, kwa hiyo anayengoja maumivu huenda anachelewa. Mtu akifika hamsini azungumze na daktari kuhusu kupima, na mwenye baba au ndugu aliyeugua asingoje hata hamsini. Akatuchukua damu. Na kile kipimo kingine cha kidole ulichokuwa unakisikia kwa madereva ukasema bora kufa, Rajabu, kilimalizika kabla sijamaliza kukunja uso. Ndicho tulichokuwa tunakiogopa.

Tezi ya Shabani waliitilia shaka. Wakamkata vinyama vidogo vya kupima, majibu yakaja kwamba ni saratani, ila bado iko ndani ya tezi. Alipelekwa Dar es Salaam akafanyiwa upasuaji. Sitakudanganya kwamba ametoka kama alivyoingia. Mkojo bado unamponyoka, anavaa kitambaa, na siku nyingine hataki kuonana na mtu. Lakini yuko hai. Anarudi kliniki kila anapoitwa, na mkewe anakwenda naye. Msimu huu amepanda mahindi pale chini karibu na Mkondoa, na mkeo amemsaidia kupalilia. Mama Hadija amenituma nikwambie kwamba ile hasira ameiondoa. Alisema hivyohivyo, "Mwambie nimeiondoa."

Limebaki langu.

Mimi niliyekuwa nakojoa kama ndama, damu yangu haikuwa nzuri. Yule daktari kijana aliitazama karatasi mara mbili, akaniambia inabidi na mimi nikatwe vinyama vya kupima. Nimeahirisha miezi yote hii, na wiki iliyopita ndipo nimekatwa. Majibu ni kesho kutwa. Jana nilikaza nati za tairi lilelile mara mbili, dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Jibu lilinitoka upesi, kama lilikuwa linangoja mdomoni.

Ndiyo sababu nimekaa kukuandikia. Nilitaka kukuomba radhi kwa kuivunja ahadi yako, kumbe nilipofika hapa nimejiona. Mke wangu, Mama Neema, hajui chochote. Siku niliyokwenda kukatwa nilimwambia nakwenda Morogoro kununua viraka. Alipoona natembea kwa shida nilimwambia basi lilikuwa limejaa, nimesimama njia nzima. Nimewahubiria ndugu zako, nimemtoa Shabani Kidete, na nyumbani kwangu nasema uongo kama ule tuliokuwa tunasema wote wawili.

Sitakuomba radhi tena, Rajabu. Nakuomba tu uniachie tabia yako moja, ile ya ucheshi wako kwa madereva, ya kuanza kusema kabla hujajua utamaliza vipi.

Pumzika, ndugu yangu. Mungu akurehemu na akusahilishie. Nakuahidi kwamba kesho kutwa sitaingia kwa daktari peke yangu. Mama Neema ataingia pamoja nami, na litakalosemwa tutalisikia wote. Sasa ni saa saba kasoro, namwona ng'ambo ya barabara na chakula changu, anangoja lori lipite avuke. Akifika nitamwambia akae kwanza.

Wako,
Petro