Ubani Kabla ya Kahawa

Vällingby, 22 Septemba 2024

Bi Rayya, dada yangu,

Naamini umefika Omani salama na uchovu wa safari umekwisha. Goti linaendeleaje baada ya ngazi zetu zile? Mimi na binti yangu Bella hatujambo, ila huku Uswidi baridi imeshaanza, na kule kazini kwangu, nyumba ya wazee, watu wanakohoa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeshindwa. Ulikuja kwangu kumposea mwanao Amir. Umetoka Nizwa na halua umeipakata ndege nzima, nami hata kahawa sikukumiminia. Nikawasha ubani, nikakupitishia chetezo. Ukafukiza mtandio wako, ukatabasamu, ukainuka. Hukukaa robo saa. Ulipokwisha kuondoka ndipo Amir akanieleza kwamba kwenu ubani hupitishwa mwisho, kumwambia mgeni kwaheri.

Nilitaka nyumba inukie tu, dada. Mimi mtu wa Bukoba, mila za Omani nazisikia kwa mbali. Nisamehe kwa kutojua.

Mdogo wako,
Dafrosa

Nizwa, 9 Oktoba 2024

Mdogo wangu Dafrosa,

Sisi huku wazima, goti tu ndilo lina maneno yake. Nanyi hamjambo? Bella anakula vizuri?

Barua yako imenichekesha, kisha ikanitoa machozi. Kosa ni langu, mtu mzima kukurupuka bila kuuliza. Tena mimi ndiye niliyepaswa kuelewa kuliko wote. Nimezaliwa Unguja. Tulipohamia huku mwaka sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuswalia tu. Unguja walituita Waarabu, hapa wakatuita Wazanzibari, na mpaka leo nyumbani kwetu tukigombana tunagombana kwa Kiswahili. Ndivyo nchi hii ilivyo. Misikiti yetu haina mapambo mengi na watu wake hawapazi sauti, lakini ukiingia majumbani utakuta kila ukoo una mila ulizorudi nazo kutoka ng'ambo. Sasa mila ya Bukoba itatushinda nini?

Basi nimewaambia mawifi zangu kwamba kwa mama yake Bella mgeni hupokelewa kwa ubani. Ijumaa iliyopita nikauwasha mlangoni kwa heshima yako. Wamenicheka sana, lakini wote waliingia wakinukia.

Dada yako,
Rayya

Vällingby, 1 Desemba 2024

Dada Rayya,

Habari za huko, na goti je? Kwetu jua linazama saa tisa mchana, tunakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Unisamehe kwa kimya, kazi zimenizidi.

Nakuomba usijisumbue na huo ubani. Fanyeni kama mlivyozoea siku zote. Bella anakusalimu.

Mdogo wako,
Dafrosa

Nizwa, 20 Desemba 2024

Mdogo wangu,

U mzima kweli? Miezi miwili nasubiri, unaniletea barua fupi kama ya benki. Kama unaumwa niambie.

Harusi ni Ijumaa ya tarehe saba Februari, tuiwahi kabla ya Ramadhani. Bella atabaki na dini yake, hilo nimelisema mbele ya ukoo mzima. Nawe utaingia kwa mlango mkubwa, na wanawake kumi na wawili watakupokea na vyetezo, kila kimoja na ubani mweupe wa Dhofari. Nizwa haijapata kuona kitu kama hicho.

Mzee wetu mmoja alikataa. Alisema kumfukizia mtu anapoingia ni kumtusi. Nikamjibu kwamba nilikuwa nyumbani kwako, nilikutazama machoni, wewe huna tusi moyoni mwako. Akakubali.

Dada yako,
Rayya

Vällingby, 6 Januari 2025

Dada Rayya,

Nakuombea afya wewe na wote walio nyumbani. Mimi sina ugonjwa wa mwili, lakini mzima si mzima.

Leo ni sikukuu ya Mamajusi. Kanisani wamesoma habari za dhahabu, uvumba na manemane, nami nikashindwa kwenda kukomunika, nikatoka.

Nilijua, dada. Chetezo kile alinipa Amir mwezi wa nane, jikoni kwangu, akanieleza mambo yote ya kwenu: kwanza tende, halafu kahawa, mwisho ubani na mgeni anainuka. Nilimsikia vizuri. Ulipoondoka akanieleza tena akidhani nimesahau, nami nikashika mdomo kama mtu anayeshangaa.

Kwetu Bukoba mgeni anawekewa buni za kutafuna kabla hata hujamuuliza habari za alikotoka. Nilikuwa nazo kabatini, mama yangu ndiye aliyenitumia. Sikukupa hata moja.

Ulipoketi ulimuuliza Bella, "Mwanangu, unapenda kula nini?" Akakujibu kwa Kiswahili kirefu, kitamu, bila kukwama. Huyo mtoto nimemzaa mimi. Tangu aanze shule namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Sikujua kwamba anaweza. Kumbe alikaa na Amir akajifunza kwa ajili yako. Wivu ukanipanda. Nikaona unanichukulia mtoto nikitazama. Nikaenda jikoni, nikawasha mkaa.

Naona aibu kwa tendo lile. Barua yangu ya kwanza naionea aibu zaidi, maana nilikuomba msamaha wa uongo, wewe ukanipa wa kweli, kisha ukasimama mbele ya wazee wako kunitetea. Siwezi kupita katikati ya wanawake wale kumi na wawili. Bella na Amir hawajui lolote. Ukisema nisije, sitakuja, na sababu nitawaambia mwenyewe.

Sithubutu kujiita mdogo wako.

Dafrosa

Nizwa, 27 Januari 2025

Bi Dafrosa,

Natumai baridi haijakuzidi. Sisi wazima.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Nimeudhika. Miaka sitini na sita sijapata kufukuzwa nyumbani kwa mtu, na siku nilipofukuzwa nikarudi kwetu kujisifia. Nimemwendea yule mzee nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa na haki. Hakuniuliza kwa nini. Vyetezo nilivyoazima nimevirudisha kwa wenyewe. Amir hatasikia haya kutoka kwangu.

Umesema nakuchukulia mtoto. Hebu fikiri vizuri, mwenzangu. Mimi nina mwana mmoja tu. Kazi yake iko Södertälje, nyumba wanatafuta hukohuko, na Jumapili anakula jikoni kwako. Wajukuu watalelewa kwenye theluji yenu. Nilikuja na halua kumtoa mwanangu, na nilikuwa nimejikaza nisilie mbele yako.

Utakuja. Sitaki Bella aolewe kama yatima. Utapokelewa kama anavyopokelewa mgeni yeyote Nizwa, bila kupunguziwa na bila kuongezewa. Kahawa huku humiminwa kidogo kidogo, na anayemimina hana ruhusa ya kuacha mpaka mgeni mwenyewe atikise kikombe. Siku hiyo nitakumiminia mimi. Sijakusamehe bado, na mkono wangu utakuwa mzito. Lakini usifanye haraka kutikisa.

Rayya,
mama yake Amir