Tulipomwacha Mama na Kiu

Kamukuywa, Agosti 2004

Nekesa mjukuu wangu,

Huku hatujambo. Shangazi yako Nafula amejifungua mtoto wa kike, na mahindi yamebeba vizuri.

Lakini barua yako imenikasirisha. Ati mhubiri wenu hapo Kitale anawaambia muache masomo mkafunge mlimani, kwa sababu Yesu anakuja, nawe unaniuliza kama hiyo ndiyo njia ya kujitayarisha kwa uzima wa milele?

Nilipokuwa msichana, mhubiri kama huyo alitupandisha mlima juu ya Kapsokwony tukamngoje Bwana. Mama yangu alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama. Nilimwambia, "Mama, tutakutana mbinguni," nikaenda nikiimba. Tulikaa huko siku tatu. Mhubiri aliposhuka, hakumwangalia mtu usoni.

Nyumbani nilimkuta jirani yetu, mzee ambaye hakuwahi kuingia kanisani, akimnywesha Mama uji kwa kijiko.

"Nilimsikia akiitisha maji jioni ile mlipoondoka," akaniambia.

Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo, kwa mhubiri na kwangu mwenyewe. Namngoja Bwana bado, Nekesa, na nitamngoja mpaka nife. Ila kama angekuja siku zile tatu, nadhani angeanzia kwa yule mzee.

Mama hakunigombeza. Alifungua macho, akaniuliza kama nimekula.

Ni mimi nyanya yako,
Kukhu Nanjala