Sahihi ya Bedan Githinji

Ziwani, 9 Juni 2025

Kwa wakini wangu Bedan,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima, goti la kushoto tu ndilo linanisumbua na hii baridi ya Juni. Mama yako Wacuka alipita hapa Jumapili akitoka Tassia, naye ni mzima, anauliza kama kile kifua kimepoa. Sasa wewe uko namna gani?

Barua hii nimempa Abdimajid wa gari la mikate, maana yeye huingia huko shuleni kwenu kila Jumanne na Ijumaa, na askari wa lango hamuulizi kitu. Ile simu yenu ya Jumapili ya dakika tatu siitaki. Dakika tatu mimi nitakuwa bado natafuta sikio zuri ni lipi.

Abdimajid ameniambia mmechukua kombe la kaunti ndogo na wewe umecheza beki nambari nne dakika zote tisini. Mimi sikushangaa. Niliwaambia hawa wazee wanaokaa hapa kwa kibanda changu cha kushona viatu, huyo amebeba jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, nikasema mtu akinitazama mimi amemwona yeye. Ndiyo sababu nakuita wakini, wewe si mtoto kwangu, wewe ni rika langu. Mwaka wa sabini na nne, timu ya karakana, hakuna mshambuliaji alinipita mimi upande wa kulia akarudi nyumbani anatembea sawa. Waulize. Lakini wengi wamekufa.

Andika unieleze matokeo yote, bao kwa bao. Na fainali ya kaunti ni wapi na lini, nitakuja.

Ni mimi Guka wako,
Bedan Githinji


Shuleni, 17 Juni 2025

Guka mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, isipokuwa goti. Tafadhali lifunge kitambaa usiku, usiwe mbishi. Kifua changu kimepona na masomo yanaendelea.

Matokeo ni haya. Mechi ya kwanza tulitoka sare moja kwa moja. Ya pili tukashinda mbili bila. Nusu fainali tulienda penalti, tukapata nne wao tatu, na mimi nilipiga ya tatu ikaingia. Fainali tulishinda bao moja bila. Fainali ya kaunti ni Jumamosi tarehe 28, uwanja wa karibu na Mathare, saa nane.

Guka, sijawahi kuwa mahali kama hii timu. Tunakula meza moja, na hakuna anayeshika kijiko mpaka wa mwisho akae. Baada ya mechi hakuna anayefua jezi yake mwenyewe. Kila mtu anafua ya mwenzake. Yangu inafuliwa na Maingi, nahodha, na mimi nafua ya kipa. Maingi anasema ukishafua jasho la mtu huwezi kumwacha uwanjani. Usicheke.

Kuna jambo moja. Mshambuliaji wetu mpya ni Nzivo, yule wa kwa kina Nzivo hapo Ziwani, nyumba ya tatu kutoka bombani. Unamjua. Nawe unajua alimaliza Fomu Foo, kidato cha mwisho, mwaka juzi. Mwalimu Shitanda, wa michezo, amemwandikisha tena Fomu Tatu kwa jina lake la pili. Mtu aliyemaliza haruhusiwi kucheza, lakini sisi wachezaji tumekubaliana hatusemi, na kuna klabu inataka kumwona kwa mashindano ya mkoa. Ukija, Guka, nakuomba ukae tu utazame mpira. Kuhusu Nzivo usimwambie mtu.

Mjukuu wako,
Bedan


Ziwani, 30 Juni 2025

Kwa wakini wangu,

Salamu. Mzima mimi, na leo hata goti limenyamaza, nafikiri ni furaha. Wewe ule mguu uliokanyagwa kipindi cha pili umefura au la? Upake mafuta ya moto.

Tatu kwa moja. Nimelala na hiyo tatu kwa moja siku mbili. Lile bao lao moja si kosa lako, ni la kipa, mwambie nimesema. Wewe ulisimama kama ukuta wa bohari. Na Nzivo, mabao mawili, huyo ni moto.

Sasa sikiza. Nilikaa kwenye kivuli cha jukwaa na karibu yangu kulikuwa na bwana mmoja wa heshima, koti safi, daftari mkononi. Akaniuliza, mzee, unaonekana unajua mpira. Nikamwambia najua kuliko hao walio na firimbi. Tukaongea vizuri. Akasema huyu nambari tisa ni hodari sana kwa mtoto wa shule. Mimi nikacheka. Nikamwambia huyo si mtoto wa shule, huyo nimemshonea viatu vya mpira kwa mikono hii mwaka aliomaliza Fomu Foo, alikuja na mamake wakaninunulia soda ya kusherehekea. Nilikuwa namwonyesha kwamba hapa Ziwani hakuna mchezaji asiyepita kwa sindano yangu.

Najua ulinikataza. Lakini mimi si mtu wa kufungwa mdomo na mtoto, na yule bwana alikuwa anauliza kwa adabu. Mwishoni akaandika maneno yangu kwenye karatasi na kuniomba nitie sahihi, kama shahidi. Hakuna mtu ameniomba sahihi tangu niache kazi karakana. Nikaandika jina langu pole pole, Bedan Githinji, Ziwani, akasema mwandiko wangu ni mzuri. Labda ni mtu wa gazeti. Ukiliona jina, ukate hicho kipande unitunzie.

Guka wako


Shuleni, 4 Julai 2025

Guka,

Shikamoo. Mguu haujambo.

Yule bwana hakuwa wa gazeti. Ni mwalimu wa michezo wa shule tuliyoifunga. Walipeleka ile karatasi kwa kamati ya mashindano. Jana Mwalimu Shitanda alitusomea jibu. Matokeo yetu yote yamefutwa kuanzia mechi ya kwanza, kombe tumerudisha, na mkoani wanakwenda wao. Nzivo amefukuzwa. Aliondoka na godoro lake kichwani tukiwa darasani.

Barua ya kamati inasema, kwa ushahidi wa Bedan Githinji wa Ziwani.

Mwalimu alilisoma hilo jina. Wote walinigeukia. Nikasema ni Guka wangu, tumeitwa jina moja. Maingi akaniambia, "Githinji, tafuta uongo mwingine. Nani anaitwa jina lote na babu yake, mpaka la ubatizo?" Kipa akasema, "Umetuchoma. Ulitaka nini ambacho hatungekupa?" Mimi sikutaka kitu.

Sasa nikikaa mezani wanaanza kula kabla sijashika sahani. Jezi yangu niliikuta imeachwa peke yake kwenye ndoo, imeanza kunuka. Nikaenda kuifua mwenyewe. Guka, kufua jezi yako mwenyewe hapa ni kama kujizika.

Ijumaa tarehe 11 wachezaji watakaa wakate kauli kama nitabaki kwenye timu. Njoo kabla ya hapo na kitambulisho chako. Mwonyeshe Maingi jina lako na umwambie ni wewe. Hilo tu. Sikulaumu. Njoo tu.

Bedan


Ziwani, 8 Julai 2025

Kwa Bedan,

Salamu. Hapa ni wazima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na mwisho nikampa Abdimajid anisomee, nione kama ni macho yangu. Si macho yangu.

Wewe unataka mimi, mtu wa miaka sabini na nane, nichukue kitambulisho niende kusimama mbele ya watoto niseme nimekosa. Nimekosa nini? Huyo kijana alimaliza au hakumaliza? Alimaliza. Viatu nilishona au sikushona? Nilishona. Aliyeiba kombe ni Shitanda wako na wala si mimi. Mimi hata kwa polisi wa mkoloni babangu hakupiga magoti, na mimi nitapiga magoti kwa Maingi?

Kama hiyo timu ni ya watu, watakuamini bila kitambulisho. Kama hawakuamini, hao ni watu wa kukufulia nguo tu. Mwanaume husimama peke yake. Mimi nilisimama peke yangu, na beki ni mtu wa peke yake. Kaa ngumu. Watachoka.

Mama yako asijue, atapandwa na presha bure.

Guka wako


Shuleni, 18 Julai 2025

Guka,

Natumai u mzima.

Nilikungojea mpaka Ijumaa jioni. Kila gari lililopiga honi langoni nilitoka kuangalia.

Kabla ya kikao, kijana mmoja wa bweni letu alirudi kutoka nyumbani Ziwani na habari za kwa kina Nzivo. Kaka zake wawili wanauliza ni Githinji yupi, mkubwa au mdogo. Ile klabu ilikwisha kumwambia Nzivo asije tena. Kaka zake wamesema kama ni mzee, hicho kibanda chake hakitafika Jumapili, na mwenyewe akiwa ndani ni shauri yake.

Kwa hivyo kikaoni nilisema ni mimi. Nilisema niliiandika hiyo karatasi kwa wivu, kwa sababu Nzivo alikuwa anasifiwa kuliko mimi. Nikasema pia kwamba Guka wangu ni mtu wa huruma, huenda akaja kujitwika kosa langu, wasimsikilize. Hakuna aliyenipiga. Maingi alinyoosha tu mkono, nikampa jezi.

Huku shuleni hawawezi kunifikia. Wewe uko hapo bombani kila asubuhi. Kwa hivyo usije, na usimwambie mtu yeyote, hata kwa utani, hata wale wazee wa kibanda. Mara hii tu, Guka. Nakuomba.

Mjukuu wako


Ziwani, 28 Julai 2025

Kwa Bedan, wakini wangu,

Salamu kwako. Afya yangu usiiulize leo.

Najua ulinikataza kuja. Ile barua yako ilinikalia kifuani siku nne, na Jumanne alfajiri nikapanda gari la Abdimajid, nikakaa katikati ya kreti za mikate. Uliniona nikipita uwanjani na ukageuza uso, nami sikukuita.

Maingi alinipokea vizuri. Mtoto ana adabu, alinitolea kiti. Nikaweka kitambulisho mezani, nikamwambia soma, Bedan Githinji, hii ni sahihi yangu, ni mimi niliyeongea. Akakisoma mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Guka, tumeona mnaitwa jina moja. Hapo tulimkosea. Lakini Githinji mwenyewe alishakubali, na alitwambia utakuja hivi hivi." Nikamwambia nitamwandikia ile sahihi aione. Akasema, "Kila mtu nyumbani kwao anajua kuiga sahihi ya babake, Guka. Nenda salama. Una mjukuu mgumu lakini una roho nzuri."

Maisha yangu yote nimewaambia watu mambo ambayo mengine sikuyafanya, wakaniamini. Hili nililifanya.

Nikitoka nilipita karibu na bwalo. Mikate ya Abdimajid ilikuwa imegawanywa. Meza ya wachezaji ilikuwa imejaa, nawe ulikuwa umekaa ile ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, na kitabu kimefunguliwa mbele yako ambacho hukuwa unakisoma. Nilitaka kuingia. Askari akasema wageni hawaingii bwaloni, na mimi, ambaye sijawahi kutii askari wa lango, nilitii.

Sasa nikueleze la jana, ndiyo sababu nimeandika. Asubuhi nilikuwa bombani na mtungi wangu. Mamake Nzivo akaja, na nyuma yake yule kijana wake mkubwa. Watu wakasogea kando. Nikasema moyoni, leo ni leo, na tena nilifurahi, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikakumbuka ulivyoandika, mara hii tu.

Mama yule akanishika mkono. Akaniambia, "Mzee, sisi hatuna neno na wewe. Umelea vizuri ukapewa mtoto wa namna hiyo. Jina lako zuri amelitia matope. Pole sana." Kijana wake akainua mtungi wangu akanibebea mpaka mlangoni, akauweka chini pole pole usimwagike.

Na mimi, Bedan, nikamwambia asante.

Guka wako